Umoja wa Lamu Haukuanguka kutoka Mbinguni

Wasee, kuna video nilipiga Lamu mwaka jana na mpaka leo sijaiweka popote. Leo nawaambia kwa nini.

Nilikuwa natembea kwa kichochoro kimoja cha Mkomani, simu juu, napiga punda, milango ya nakshi, kila kitu. Wazee wawili walikuwa wameketi nje ya nyumba. Nikawapita tu. Mmoja akaniita, bila hasira: "Mwanangu, sisi si ukuta. Salimu kwanza." Manze, niliona aibu. Nikazima simu, nikarudi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Kaa."

Pale nilipokaa ndipo hadithi inaanzia. Nyumba za zamani za Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na boriti za mikoko, na mlangoni kuna daka, yaani ukumbi mdogo wenye baraza za mawe pande mbili. Mgeni anakaa hapo, anapewa kahawa, anaulizwa habari, hata kabla hajaingia ndani. Ukiangalia juu kwa vichochoro vingine utaona wikio, chumba kinachovuka njia na kuunganisha nyumba mbili. Wanawake waliweza kutembeleana huko juu bila kushuka barabarani. Yaani ujirani ulijengwa ndani ya kuta zenyewe. UNESCO waliuweka mji huu kwa orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001, na mimi nadhani hayo mawe peke yake hayatoshi kueleza sababu.

Sasa hapa ndipo sisi watu wa video huwa tunadanganya. Tunasema Lamu ni amani, ni pole pole, watu wamependana tangu zamani. Si kweli. Mwanzoni mwa karne ya 19 mji wenyewe ulikuwa umegawanyika makundi mawili, Zena na Suudi. Karibu mwaka wa 1812 walipiganishwa na jeshi la Pate na Wamazrui wa Mombasa pale Shela, wakashinda. Ile ngome kubwa iko katikati ya mji ilimalizwa miaka michache baadaye, na kwa miaka mingi serikali iliitumia kama jela, hadi 1984.

Na kuna jambo zito zaidi. Lamu ilikuwa na watumwa. Hao ndio walilima mashamba ya bara yaliyotajirisha waungwana wa nyumba za mawe. Kwa hivyo ile baraza ninayoisifu haikuwa ya kila mtu. Kuna waliokaa, na kuna waliopita wakiwa wamebeba mizigo.

Aliyesukuma huo mlango alikuwa mgeni. Habib Saleh alitoka Komoro akahamia Lamu katika karne ya 19. Akaanza kufundisha dini watu ambao wakubwa wa mji hawakuona kama wanastahili elimu ya juu: watumwa, watoto wao, maskini, wageni wasio na jina. Wenyewe wakanung'unika. Pia hawakufurahia vile alivyoruhusu matari yapigwe kwa Maulidi. Yeye akaendelea, upande wa Langoni, ambako watu wengi waliishi kwa nyumba za udongo na makuti. Karibu mwaka wa 1900 huko ndiko ulijengwa msikiti wa Riyadha. Serikali ya kikoloni ilikuja kuufuta utumwa kisheria mwaka wa 1907. Angalia hiyo tarehe vizuri: darasa lilianza kabla ya sheria.

Leo Maulidi ya Lamu inajaza mji kila mwaka. Watu wanatoka pwani yote na ng'ambo, kuna mbio za punda, mashindano ya jahazi, bao, na matari yaleyale yaliyoleta kelele. Kile kilichoanza kama aibu ya mji sasa ndicho fahari yake.

Halafu kukaja mradi wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi. Si kila mtu alikuwa anaupinga, kuna waliotaka kazi, na naelewa. Lakini wakaaji kadhaa, chini ya kundi la Save Lamu, walienda kushtaki. Juni 2019 jopo la kitaifa la kesi za mazingira likafuta leseni. Moja ya sababu kubwa? Wananchi hawakushirikishwa inavyofaa. Kwa Kiswahili cha yule mzee: hawakusalimiwa kwanza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya historia wala ya kitu kingine. Lakini hii naielewa. Umoja si tabia ambayo watu wa pwani walizaliwa nayo na sisi wa Nairobi tukanyimwa. Ni kazi. Mtu anajenga baraza, mwingine anauliza mbona fulani haruhusiwi kuikalia, mwingine anaenda kortini. Kila kizazi na zamu yake.

Ploti ninayokaa ina milango 16. Nimeishi hapo miaka miwili na nilikuwa najua jina la mtu mmoja tu, keateka. Niliporudi kutoka Lamu nikaamua kumsalimia mama wa mlango wa pili. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Kijana, kama ni gesi unataka kukopa, yangu imeisha."

Sikuwa nataka gesi. Lakini tulicheka, na sasa najua anaitwa nani.

Na wewe, jirani yako wa ukuta anaitwa nani? Usiangalie simu. Jibu.