Kengele ya Kengeleni

Matatu ninayopanda asubuhi kutoka Kisauni ina stika kubwa kwenye kioo cha nyuma inayosema gari hili linalindwa kwa damu ya Yesu. Mikanda ya viti ilikatika kitambo. Kondakta ananing'inia mlangoni kwa mkono mmoja, na dereva akiona nafasi ya kupenya, anapenya tu. Nyumbani nako nyanya yangu haniruhusu kutoka kabla hajaniambia, "Mungu akutangulie." Mimi hujibu amina huku nikitafuta viatu.

Sasa kuna siku tulikwama kwenye jam pale Kengeleni karibu nusu saa. Nikaanza kuitazama ile kengele kando ya barabara, kengele ambayo nimeipita mara nyingi kiasi kwamba siioni tena. Nikajiuliza: walioitundika hapa walikuwa wanamwogopa nani?

Kumbe steji yetu ina stori nzito. Kijiji cha Freretown kilianzishwa mwaka 1875 na Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, Mwingereza aliyetumwa Zanzibar mwaka 1872 kumbana Sultani Barghash, na mwaka 1873 ukatiwa saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Manowari za Waingereza zilikuwa zikikamata majahazi yaliyobeba watumwa, na waliookolewa walihitaji mahali pa kuishi. Wakaletwa hapa, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Wakapata shamba, shule na kanisa. Na kengele, ambayo kazi yake moja ilikuwa kuwaonya watu wakati wawindaji wa watumwa wanakaribia.

Hapo ndipo nilipokaa kidogo. Hawa walikuwa watu wa sala. Walimwomba Mungu awalinde, na walimaanisha, maana wengi wao walishafungwa minyororo na kuuzwa wakiwa watoto. Lakini hawakuona kwamba kutundika kengele ni kumkosea Mungu imani. Mkataba ulikuwa umezuia biashara ya baharini tu. Utumwa wenyewe uliendelea kuwa halali Pwani hadi mwaka 1907, kwa hiyo mtu aliyeko upande huu wa maji alikuwa huru, na binamu yake upande ule alikuwa mali ya mtu.

Na kusema ukweli, hatari haikutoka nje pekee. Msimamizi mmoja wa Freretown, Streeter, aliwachapa watu viboko hadi uchunguzi ukafanywa mwaka 1881 na akaondolewa. Umeokolewa jahazini, umebatizwa, halafu unachapwa na yuleyule anayekufundisha kuomba. Sijui ningeomba nini usiku ule.

Huko bara, kwenye nchi ya Wagiriama, kulikuwa na kijiji kingine ambacho hakizungumzwi sana: Fuladoyo. Hicho kilikuwa cha watoro, yaani watumwa waliokimbia mabwana zao, wakaishi pamoja na Wakristo Wagiriama. Kiongozi wao alikuwa David Koi. Mabwana walitaka watu wao warudishwe. Mwaka 1883 Koi alikamatwa na kuuawa, na wapo wanaomhesabu kuwa shahidi wa kwanza wa Kikristo katika nchi ambayo leo ni Kenya. Nina hakika naye aliomba ulinzi. Kila nikisikia ushuhuda kanisani, wa ajali ambayo abiria wote walikufa isipokuwa mmoja ambaye Mungu alimtoa, namkumbuka Koi na nashindwa kupiga makofi.

Kuhusu kuongozwa na Mungu, mfano ninaoufahamu vizuri ni wa Askofu James Hannington. Alifika Freretown Januari 1885, na mwaka huohuo akaamua kwenda Buganda kwa njia fupi, kupitia nchi ya Wamaasai. Aliamini anaongozwa. Shida ni kwamba kule Buganda, mgeni anayeingia kutoka mashariki alionekana adui. Huko Kwa Sundu, tunakoita Mumias siku hizi, aliacha sehemu kubwa ya msafara na kuendelea na wapagazi kama 50. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa Busoga kwa amri ya Kabaka Mwanga. Wapagazi wake karibu wote waliuawa pia, na majina yao hayako kwenye madirisha ya kanisa lolote ninalolijua.

Aliyeachwa nyuma Mumias na wale wengine ni William Jones. Huyu ndiye mtu wangu katika stori hii yote. Alikuwa mtumwa utotoni, akaokolewa, akalelewa na wamisionari huko Nasik, India, kisha akarudi Afrika. Baada ya habari za mauaji kumfikia, aliwarudisha watu waliobaki kwa miguu hadi Rabai, wakafika Februari 1886. Mbele ya msafara walipeperusha bendera yenye neno moja la Biblia, Ikabodi, lile jina la kusema utukufu umeondoka. Mchungaji amebeba bendera ya kusema hivyo, na hakuna aliyemwambia ana imani haba. Angalau natumaini hivyo.

Jones alibaki Rabai, na watoro waliendelea kuja. Kwa sheria, misheni haikuruhusiwa kuwapokea. Walipokelewa, wakapewa vipande vya shamba, wakaoa, wakazaa. Mwaka 1888 mabwana waligundua ni wangapi, wakatishia kuivamia misheni. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza, IBEA, hakutaka vita wakati ndiyo kwanza kampuni inaanza kazi, akaamua kuwalipa mabwana fidia. Tarehe 1 Januari 1889, hapo Rabai, watu zaidi ya 1,400 walianza kupewa karatasi za uhuru.

Nilimsimulia nyanya haya yote jioni moja akichambua mchicha. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama Koi aliacha watoto, na kama kuna mtu aliyewalea.