Sindano Bei Gani, Mtoto Bei Gani? Historia ya Masasi na Newala

 

Msimu wa korosho ukikaribia, swali hili hunijia sana kutoka kwa ndugu zetu wa kusini: "Sheikh, kuzuia mimba si rahisi kuliko kulea?" Na mwingine humjibu hapo hapo: "Riziki ni ya Allah, acha hesabu." Leo kaa kitako nikupitishe Masasi na Newala ya zamani, maana wote wawili wanasahau kuuliza gharama hiyo alikuwa anaibeba nani.

Bibi zetu hawakuwa na vidonge. Walinyonyesha muda mrefu, na wazazi wakajizuia kwa kuogopa kumbemenda mtoto. Njia hiyo haikuwa na bei dukani, lakini ilikuwa na gharama: subira ya mume, na mume akikosa subira, mke wa pili. Mtoto akiachishwa, alikuwa mikono. Alifukuza nyani na nguruwe shambani, aliokota korosho, alibeba maji. Na wewe uliyezaliwa mjini usiyachukulie maji kimzaha. Uwanda wa Makonde uko juu, udongo wake unanyonya mvua, na juu kule hakuna mto. Wanawake na mabinti waliteremka makorongoni kuchota, wakapanda tena na mzigo kichwani. Kila mtoto mchanga alikuwa ndoo ya ziada juu ya kichwa cha mama yake.

Tena Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya mtoto, na mzigo wa mtoto ulimwangukia yeye na dada yake. Baba akiondoka, watoto walibaki kwao mama. Uislamu ulipoenea huko ulikuta desturi hii, na mpaka leo hazijamalizana.

Je, dini yetu iliogopa hesabu ya watoto? Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, zama ambazo Qur'ani inateremka. Ipo pia riwaya ya Judama bint Wahb inayoiita azl kuzika kwa siri, na Ibn Hazm aliishika akaharamisha. Walio wengi waliruhusu, baadhi yao kwa kuichukia. Sasa msikilize Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo yetu. Maneno ya mwisho ya aya ya tatu ya Suratun Nisaa yeye aliyafahamu kwa maana ya kutokuwa na wategemezi wengi. Wanazuoni wengi hawakumfuata, walisema maana yake ni kutodhulumu. Lakini ona, imamu mkubwa kiasi hicho hakuona aibu kuhesabu midomo ya kulisha! Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, naye alitaja uzito wa watoto wengi katika sababu zinazokubalika, na akaikataa nia ya mtu anayeogopa kupata mabinti. Mwaka 1937 mufti wa Misri, Sheikh Abdul Majid Salim, alitoa fatwa ya kuruhusu. Aya ya Suratul Israa inayokataza kuua watoto kwa kuogopa ufukara inahusu mtoto aliyekwisha kuwapo. Kufunga kizazi kabisa ni mlango mwingine, siufungui leo.

Turudi nyumbani. Mwaka 1959 chama kilichokuja kuitwa UMATI kilianza kazi Dar es Salaam. Mwaka 1969 Mwalimu Nyerere, akizindua mpango wa pili wa miaka mitano, alisema kuzaa hata mnyama anazaa, kazi ya binadamu ni kulea na kusomesha. Mwaka 1974 serikali ikaingiza uzazi wa mpango katika huduma za mama na mtoto, na hospitali kama Mkomaindo, iliyoanza chini ya wamisheni wa UMCA pale Masasi na leo ni ya serikali, zikawa mahali pa kuupata.

Ushike mwaka huo wa 1974. Ndio mwaka wa Azimio la Musoma, lililotaka kila mtoto awe shule ifikapo 1977. Yule aliyekuwa anafukuza nyani sasa yuko darasani anahitaji sare na daftari. Wakati huo huo watu wamehamishiwa vijijini, mbali na mikorosho yao. Korosho ya nchi ilikuwa tani 145,000 msimu wa 1973/74. Ilipofika 1986/87 haikufika hata tani 20,000. Gharama ya mtoto imepanda, mfuko umetoboka.

Leo sindano, kijiti na kitanzi hutolewa bure katika vituo vya serikali. Bure, lakini sindano ni kila miezi mitatu, yaani safari nne kwa mwaka, nauli, siku ya shamba imepotea, na pengine damu isiyoeleweka ambayo mume hataki kuisikia. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulikuta nusu ya wanawake walioolewa mkoani Lindi, jirani zetu, wanatumia njia za kisasa. Kusini Pemba walikuwa asilimia 7. Waislamu ni wengi huku na kule, na madhehebu ni yale yale. Basi usiniambie ni dini peke yake inayoamua.

Septemba 2018 Rais Magufuli, akiwa Meatu, aliwaambia wananchi waachane na uzazi wa mpango, kwamba wanaoutumia ni wavivu wa kulisha watoto. Miezi miwili baadaye serikali ikachukua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba magunia, na wakulima wengi wakakaa muda mrefu bila malipo. Wavivu hawakuwa wao.

Kwa hiyo wewe mwanamume unayeniuliza bei, niambie kwanza: safari zile nne anakwenda nani? Na sare ya shule mwaka jana alinunua nani, wewe au shemeji yako? Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mama njia ya kukudai matunzo mahakamani. Na kabla ya sheria hiyo, aya ya 233 ya Suratul Baqara, ile ile inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha, imeweka chakula na mavazi ya mama juu ya baba, kwa kadiri ya uwezo wake, na juu ya mrithi wake mfano wa hayo. Mjomba hakutajwa.

Wallahu a'lam. Waliouliza kuhusu nafaqa baada ya talaka, zamu yao ni darsa lijalo, inshaallah.