Nafasi ya kuegesha gari ni ya nani?

Mzozo wa maegesho katika majumba ya ghorofa huanzia kwenye karatasi, wala si langoni. Sheria ya 2020 kuhusu umiliki wa nyumba hizo, iliyofuta ile ya 1987, hutenganisha nyumba ya mtu binafsi na mali ya pamoja ya wamiliki. Basi kabla ya kumfokea bawabu, ambaye maskini hutumwa tu, soma hatimiliki yako na ramani iliyosajiliwa. Ahadi ya mdomo ya muuzaji haitoshi. Meneja hufanya kazi kwa niaba ya shirika la wamiliki. Liandikie barua, uombe kamati yake ya ndani ya kusuluhisha mizozo. Mkishindwa kuafikiana, ipo Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mpangaji naye aanze kwa mwenye nyumba, mkataba mkononi.