Asubuhi Mwalimu, Alasiri Mwanafunzi

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma ikaamua kwamba kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Lengo la awali lilikuwa mwaka 1989. Madarasa yangejengwa kwa nguvu za wanavijiji, lakini walimu wangetoka wapi? Vyuo vya ualimu visingeweza kuwatoa kwa wingi huo. Ndipo tukaitwa sisi tuliomaliza darasa la saba tukabaki nyumbani kulima na wazazi wetu.

Nilianzia Iramba, mkoani Singida. Nimeshastaafu, na bado naona historia ya walimu wa UPE, yaani mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote, inasimuliwa kwa upande mmoja: wingi wa wanafunzi walioandikishwa, kisha lawama kwamba elimu ilishuka. Hofu tuliyoingia nayo darasani haisimuliwi, na namna tulivyoivuka ndiyo haijulikani kabisa.

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Asubuhi tulifundisha madarasa ya chini. Alasiri, watoto wakishaondoka, tuliketi kwenye madawati yao hayo hayo, na mwalimu mwenye cheti akatufundisha Kiswahili, hisabati na mbinu za kufundishia. Masomo mengine yalitujia kwa posta na kwa redio. Baada ya miaka kama mitatu ya maisha hayo, tulikwenda chuoni kwa wiki chache tu, na waliofaulu wakapewa cheti cha ualimu cha Daraja C.

Fikiria binti anayesimamishwa mbele ya watoto wa kijiji chake mwenyewe. Kwa kuwa uandikishaji ule uliwachukua hata watoto wa miaka 13, mstari wa nyuma ulikuwa na wavulana wanaonizidi urefu. Mmoja alikuwa mtoto wa mama yangu mdogo. Tulikuwa tukichota maji pamoja. Sasa alitakiwa kusimama na kuniamkia, "Shikamoo, Mwalimu." Aliamkia akiangalia dirishani, nami nikaitikia nikiangalia ubao. Usiku nililala nikijiuliza ni nani aliyekosea kuandika jina langu kwenye orodha. Niliamini kwa dhati kwamba siku moja mkaguzi atakuja, atanisikiliza kidogo, kisha ataniambia nirudi shambani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kwamba wenzangu wote walikuwa wakilala na wazo hilo hilo.

Aliyenisaidia alikuwa mwalimu wetu wa alasiri, mzee aliyefundisha tangu enzi za mkoloni. Hakutuambia tusiogope. Alitutaka tulete andalio la somo la kesho, na juu ya karatasi liandikwe swali la kwanza tutakalowauliza watoto, neno kwa neno, pamoja na majibu wanayoweza kutoa, hata yale ya makosa. "Mwanangu," aliniambia, "ukishauliza la kwanza, la pili watakupa wao." Nilifundisha hivyo mpaka siku ya mwisho ya utumishi wangu.

Halafu alitutaka kila mmoja aeleze mahali somo la asubuhi lilipomshinda. Siku za kwanza tulidanganya. Kila mmoja alidai somo limekwenda vizuri. Akaanza yeye, akasimulia somo lake la hisabati kuhusu sehemu lililowachanganya watoto wa darasa la tano asubuhi ile. Mtu mwenye miaka yote ile kazini! Tangu siku hiyo tulisema kweli.

Kulikuwa pia na jambo ambalo halikuandikwa kwenye mpango wowote. Watoto wa darasa la kwanza waliingia shule wakijua Kinyiramba tu. Mwalimu mwenye cheti kizuri aliyetoka mkoa mwingine alibaki akirudia sentensi ya Kiswahili kwa sauti kubwa zaidi. Sisi tulieleza kwa lugha ya nyumbani, kisha tukarudi kwenye kitabu. Hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza kwamba nina kitu ambacho darasa lile linakihitaji.

Nje ya shule tulipewa jina. UPE, watu walisema, ni Ualimu Pasipo Elimu. Ilisemwa kwenye mabasi, ilisemwa kwenye vilabu vya pombe, na baadaye ilisemwa hata ofisini kwetu, mbele yetu, na walimu waliotoka vyuoni. Sikatai kwamba watoto walipunjwa. Mtu aliyemtangulia mwanafunzi wake kwa hatua chache, mwenye kitabu kimoja cha kugawana dawati zima, hawezi kutoa kila kitu. Lakini aibu ya uamuzi ule wa Musoma tulibebeshwa sisi, vijana wa miaka kumi na saba au kumi na minane, na wapo wenzangu waliojiendeleza mpaka cheti cha juu, Daraja A, bila kuacha kusitasita kunyoosha mkono kikaoni.

Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza, watoto walifurika tena na walimu wakapungua tena. Safari hii vijana walikaa chuoni mwaka mmoja, na mwaka wa pili wakaumalizia mashuleni. Nao mitaani walipewa jina la kejeli. Binti mmoja wa kundi hilo aliletwa kwetu, nikamkuta stoo akilia kabla ya kipindi cha kwanza. Nilimwomba andalio lake. Lilikuwa safi, lenye kila kipengele alichofundishwa chuoni, ila halikuwa na swali hata moja la kuwauliza watoto. Tuliliandika pale pale, mgongoni mwa daftari la mahudhurio, kisha nikaenda kuketi nyuma ya darasa lake.

Siku hizi kuna MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao kujadili ufundishaji. Nimefurahi mno. Ninachowaomba walimu wakuu ni kwamba mwalimu mpya aketishwe kwenye kikao hicho wiki yake ya kwanza, na azungumze kwanza yule aliyekaa kazini miaka mingi kuliko wote, aeleze somo lake lililomshinda.