Kuuona Mfupa Kabla ya Kisu

Huko Galu, kusini mwa Diani, ambako wagema na wakwezi wangali wakipanda minazi kila uchao, kuanguka ni ajali isiyo ngeni, na tangu dahari aliyevunjika mkono au muundi alifungwa gango na mganga wa mifupa ambaye ilimu yake yote ilikuwa katika ncha za vidole. Ila fupanyonga na uti wa mgongo, kwa kusitirika ndani ya nyama, havikuwahi kutii vidole hivyo.

Hata tabibu mashuhuri wa Andalusia, Abul Qasim al-Zahrawi, aliyefariki mwaka 1013 baada ya kuandika kwa tafsili juu ya kuunga mifupa, alitibu asichokiona. Hijabu hiyo iliondoka Novemba 1895, Wilhelm Röntgen alipogundua miali ya eksirei mjini Würzburg. Na mwaka 1911, huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, wakaunganisha pingili za uti ulioliwa na kifua kikuu, Albee akitumia kipande cha mfupa wa muundi wa mgonjwa mwenyewe.

Walakini eksirei ni kivuli juu ya kivuli, na mara nyingi mpasuaji hakuwa na budi kufungua jeraha pana ili aone; mambo yalianza kubadilika Oktoba 1971, Godfrey Hounsfield alipompiga mgonjwa wa kwanza picha ya skani jijini London, kompyuta ikiuonyesha ubongo tabaka kwa tabaka.

Kutokana na matabaka kama hayo, programu za leo hujenga umbo zima la fupanyonga, tabibu akaligeuza atakavyo, akapima unene wa mfupa, akachagua urefu wa kila pini ya kukazia mfupa na kuchora njia isiyogusa neva ziendazo miguuni. Kisha pini za titani hupitishwa katika tundu la sentimita chache, na kiungo cha fupanyonga na uti kilichokuwa kikiuma kikafungwa kisitikisike tena.

Programu hizo, hata hivyo, hazimpokonyi tabibu dhamana, kwani picha mbovu huzaa mpango mbovu. Basi, ewe msomaji, upigwapo picha katika hospitali ya Msambweni kisha ukapewa rufaa ya kuvuka Likoni hadi Mombasa, omba nakala yake, uihifadhi, na umwonyeshe kila tabibu akupokeaye.