Neno "Poll": Kichwa, Kodi na Kura

Leo tutazame neno moja la Kiingereza, "poll". Zamani maana yake ilikuwa kichwa cha mtu. Baadaye likawa pia neno la kodi, maana watu walihesabiwa vichwa na kila kichwa kikatozwa. Mwaka 1377 Waingereza walitozwa peni 4, tajiri na maskini sawasawa. Mwaka 1380 zikapandishwa hata peni 12! Mwaka uliofuata wakulima wa Essex na Kent wakaingia London kwa nguvu. Kiongozi wao, Wat Tyler, akauawa. Wazee wetu waliolipa kodi ya kichwa wangaliielewa hasira ile. Na kura je? Ni neno lilo hilo, kwani huko nako vichwa huhesabiwa. Mkiliona limeandikwa mlangoni siku ya uchaguzi, ingieni. Hapo hamtozwi kitu.