Kabla Uposti, Futa Jina: Somo la Januari 2008

Wasee, nianze na kosa langu mwenyewe.

Mwaka wa 2024, baada ya mafuriko kubeba nyumba za watu kando ya Mto Mathare, niliandika programu ndogo ya Python. Kazi yake ilikuwa rahisi: mtu ananitumia barua pepe akieleza kilichompata, programu inaisoma, inaigeuza kuwa HTML, inaiweka kwa ukurasa ambao yeyote anaweza kufungua. Nilimaliza usiku mmoja. Hiyo kitu sikufunzwa campo, kwa hivyo nikajiona nimefika.

Asubuhi mama mmoja akanipigia. Chini ya barua yake alikuwa ameweka jina na namba ya simu, vile watu huweka. Programu yangu ilibeba zote hadi kwa ukurasa. Kumbe ndani ya barua alikuwa amemtaja mwenye ploti, na sasa watu asiowajua walikuwa wanampigia na kumtisha. "Kijana," akaniambia, "nilikuandikia wewe, sikuandikia dunia."

Nikafuta ukurasa. Halafu nikajiuliza: kuna mtu hapa Kenya alishawahi kufanya hii kitu vizuri? Wako. Walifanya mimi nikiwa nasari.

Rudi nyuma. Uchaguzi ulikuwa tarehe 27 Desemba 2007. Tarehe 30 matokeo yakatangazwa, na siku hiyo hiyo serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja kwa redio na TV. Huruma na Mathare zinawaka, halafu TV haikuonyeshi kinachoendelea barabara ya pili. Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima. Lakini hiyo ni hesabu ya baadaye. Januari yenyewe, hakuna aliyekuwa na hesabu.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu yake, akawa mtu wa kuandikiwa. Watu walimtumia yale waliyoona, naye akawa anasoma, anachuja, anaweka. Mtu mmoja, ujumbe baada ya ujumbe. Hiyo kazi haiwezekani kwa muda mrefu. Mapema Januari 2008 akatupa wazo hadharani: kuna mafundi wa kompyuta wanaoweza kuweka hizi habari kwa ramani ya Google, tuone ghasia zimetokea wapi? David Kobia na Erik Hersman wakaitika, Juliana Rotich akaingia, na ndani ya siku chache tovuti ikawa hewani. Wakaiita Ushahidi.

Kumbuka enzi zenyewe. Nyaya za faiba za baharini zilifika Mombasa 2009. Hapa Eastlands intaneti ilikuwa saiba, unalipia kwa dakika. Video? Sahau. Kilichoweza kupita ni maneno: barua pepe na SMS.

Sasa ingia jikoni kidogo, kwa sababu hapo ndipo somo liko.

Barua pepe ina sehemu mbili, na utaratibu huo umeandikwa tangu miaka ya 1970. Juu kuna kichwa: nani ametuma, kwa nani, lini, kuhusu nini, na imepitia seva gani. Halafu mstari mtupu. Halafu mwili, yaani maneno yenyewe. Kompyuta inajua kichwa kimeisha kwa kuona huo mstari mtupu tu.

Kuigeuza kuwa ukurasa kuna mitego. HTML inasoma alama ya < kama mwanzo wa tagi. Mtu akikuandikia "nyumba yetu <karibu na daraja> imebomolewa", brauza itafikiri hayo maneno ya katikati ni tagi isiyoijua na itayameza. Msomaji ataona "nyumba yetu imebomolewa", basi. Yaani umepoteza mahali, na mahali ndiyo habari yenyewe. Kwa hivyo programu lazima ibadilishe kila & kuwa &amp; kwanza, ndipo ibadilishe < kuwa &lt;. Ukianza na ya pili, utaharibu ulichotengeneza. Ukiacha kabisa, mtu mbaya anaweza kukutumia barua yenye msimbo, na ukurasa wako ukautekeleza kwa simu ya kila msomaji.

Mistari nayo? Brauza haijali ukibonyeza enta. Usipoweka tagi za aya, hadithi nzima ya mtu inakuwa tope moja lisilosomeka.

Hayo yote nilikuwa nimeyapanga vizuri. Msimbo wangu haukuwa na kosa hata moja. Kosa lilikuwa kwamba nilidhani kazi ni kugeuza.

Angalia vile programu ya Ushahidi ilivyokuja kupangwa baadaye, ilipokuwa ya bure kwa yeyote kutumia. Ujumbe ukiingia, uwe SMS au barua pepe, hauruki moja kwa moja hadi kwa ramani. Unakaa foleni. Binadamu anaufungua, anaugeuza kuwa ripoti: kichwa cha habari, mahali, siku, aina ya tukio. Kisha kuna maamuzi mawili tofauti. La kwanza: tuiweke hadharani? La pili: imethibitishwa? Hayo si kitu kimoja. Jambo linaweza kuwa la kweli na bado likamuua aliyelisema. Jambo linaweza kuwekwa ili watu wawe macho, huku likisomeka wazi kwamba bado halijathibitishwa.

Nami sitasema ramani ile ilikuwa malaika. Aliyeandika ni mwenye simu, mwenye kredo, mwenye mtandao, na mwenye roho ya kuandika. Mahali ambapo hapakuwa na alama kwa ramani hapakuwa na amani lazima. Labda hapakuwa na network. Hata hivyo, wakati TV ilinyamazishwa, ilibaki rekodi iliyoandikwa na raia wenyewe. Na 2010, Haiti ilipopigwa na tetemeko, programu hiyo hiyo ya Nairobi ikatumika huko kuonyesha nani anahitaji msaada wapi.

Sasa sisi. Juni 2024 tulirekodi kila kitu. Lakini tulikirekodi vipi? Nusu tuliweka kwa status, ikafutika baada ya saa 24. Nusu nyingine tuliposti na sura za watu wazi, majina yao, hata estate wanayoishi. Yaani tulipoteza kile kilichofaa kuhifadhiwa, na tukahifadhi kile kilichofaa kufichwa. Wale wa 2008, na intaneti yao ya kobe, walijiuliza maswali ambayo sisi na faiba yetu hatukujiuliza.

Kwa hivyo nilirudi kwa programu yangu. Sasa inatoa mtumaji kabisa, inatafuta chochote kinachofanana na namba ya simu na kukifuta, halafu inasimama. Haiposti. Inaningoja nisome kila barua kwa macho yangu na nimuulize mwenyewe kama bado anataka itoke. Ni polepole. Kuna wiki nimeweka barua mbili tu.

Yule mama nilimpigia baada ya miezi miwili kuomba msamaha, si kuomba hadithi. Akanyamaza kidogo, akauliza kama jina lake litakuwepo. Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi irudishe. Lakini ile sehemu ya daraja usiitoe."

Haijatoka. Iko pale, daraja na yote.